Maana ya Maneno ya Hati: Katika Lugha na Katika Istilahi

 

Kila aliyepata kuketi mbele ya mwalimu akasoma Safinatun-Najah, au kitabu kingine cha fiqihi, aikumbuka kaida moja ya masomo yale. Mwalimu akifika mlango mpya huanza kwa neno. Husema: twahara katika lugha ni usafi, na katika sheria ni kufanya jambo ambalo kwalo sala huwa yafaa. Saumu katika lugha ni kujizuilia, hata kujizuilia na kusema; na katika sheria ni kujizuilia na vyenye kufunguza tangu alfajiri mpaka kuchwa jua, pamoja na nia. Kwanza maana ya lugha, kisha maana ya istilahi, yaani maana waliyopatana wenye fani. Wanavyuoni waliweka kaida hii kwa kuwa walijua kwamba neno moja huweza kuwa na maana sokoni na maana nyingine katika hukumu, na asiyezitenga huharibu ibada yake au mali yake.

La kusikitisha ni kuwa kaida hii twaijua tukiwa chuoni, na tukiingia katika afisi ya wakili, au mahakamani, au katika afisi ya ardhi, twaiacha mlangoni pamoja na viatu. Na huko ndiko tunakoihitaji zaidi. Tazama maneno yanayoandikwa katika hati hizo: sheria, hukumu, haki, wakili, shahidi, wasia, mirathi, wakfu, dhamana, rufani, sahihi. Yote ni maneno tuliyolelewa nayo. Mtu akikuta neno la Kiingereza asilolijua huuliza. Lakini akikuta neno alilolizowea tangu utotoni, haulizi, kwani adhani alijua. Basi neno lililo letu laweza kutudhuru kuliko lililo geni.

Kwa hivyo tumeona tuyapitie machache ya maneno hayo kwa kaida ile ile ya chuoni. Hatukusudii kumfanya msomaji wakili. Twakusudia ajue pa kusimama na kuuliza.

Sheria, Hukumu na Fatwa

Sheria, kwetu sisi, asili yake ni njia ya dini aliyoiweka Mwenyezi Mungu. Katika maandishi ya serikali, sheria ni kila lililopitishwa na Bunge na kuidhinishwa, hata likiwa ni la kupanga ushuru wa sukari. Basi mtu akiambiwa, "Jambo hili laruhusiwa kisheria," na aulize: kwa sheria ipi? Riba ya benki yaruhusiwa na sheria ya nchi, wala haikuwa halali katika Sheria ya Kiislamu kwa kuruhusiwa huko.

Na kinyume chake pia hutokea. Ndoa iliyotimiza nguzo zake, walii na mashahidi wawili na tamko la kuoza na kukubali, ni ndoa mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa zote zinazofungwa Kenya ziandikishwe, na za Kiislamu zimo. Mke asiye na cheti ni mke. Lakini siku mumewe akifa, na jamaa wa mume wakikana, itambidi atafute mashahidi ambao huenda wamekwisha kufa. Basi cheti kile hakikuifanya ndoa kuwa ndoa. Kazi yake ni kuihifadhi haki isipotee.

Hukumu, katika usuli wa fiqihi, ni kule kulihesabu jambo kuwa ni wajibu, au sunna, au haramu, au makuruhu, au mubaha. Katika mahakama, hukumu ni uamuzi wa mwenye mamlaka baada ya kusikiliza pande mbili, nao huwafunga wote wawili. Ama fatwa ni jibu la mwanachuoni kwa alivyoulizwa, naye hulitoa kwa kusikia ulimi mmoja tu. Fatwa humwongoza mwenye kuuliza, lakini haimlazimishi mtu wa tatu. Basi ndugu anayekwenda kwa sheikh, akaeleza habari kwa upande wake, kisha akarudi nyumbani na karatasi akitaka kumtoa dada yake katika nyumba ya baba yao, huyo amechukua fatwa akaifanya hukumu. Karatasi ile yaweza kuwa na ilimu ya kweli ndani yake, na bado isiwe na nguvu ya kumtoa mtu chumbani kwake.

Kadhi na Mamlaka Yake

Kadhi katika lugha ni mwenye kuhukumu, na katika vitabu vyetu ni mwenye kuhukumu katika mambo yote. Lakini katika nchi hii neno hili limewekewa mipaka. Serikali ya Kenya na ya Zanzibar zilipoandikiana mwezi wa Oktoba 1963 juu ya ukanda wa pwani, kulindwa kwa mahakama za makadhi kulikuwa ni miongoni mwa yaliyoahidiwa. Leo mahakama hizo zimo katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170. Na kifungu hicho chataja mambo manne: hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, tena kwa sharti kwamba pande zote za kesi ni Waislamu, na kwamba wamekubali mamlaka ya mahakama hiyo.

Neno "mamlaka" hapa lahitaji kufahamiwa. Katika lugha ni nguvu na utawala. Katika istilahi ya mahakama ni mipaka ya mambo ambayo mahakama yaruhusiwa kuyasikiliza. Kadhi asemapo, "Jambo hili halimo katika mamlaka yangu," watu wengine hutoka wakinung'unika kuwa kadhi amewaogopa matajiri. La. Deni la dukani, mpaka wa shamba, na kosa la jinai vina mahakama zake, na hukumu itolewayo nje ya mamlaka hubatilika. Lau tungalilijua neno hili moja, wengi wetu wangaliokoa nauli na miezi ya kwenda na kurudi.

Na neno jingine la kutisha watu bure ni "kushtakiwa". Katika kesi ya jinai yuko mshtakiwa, na anayemkabili kwa kawaida ni serikali, naye aweza kufungwa. Katika kesi ya madai yuko mdai na mdaiwa. Na mdaiwa hakutuhumiwa uhalifu wowote, ameitwa ajibu. Tumesikia watu wakipata samansi ya madai wakajificha, kwa kudhani kuwa wanakamatwa. Mdaiwa asiyehudhuria aweza kuhukumiwa bila ya kusikilizwa, na hapo hasara aliyoiogopa huwa ameivuta kwa mkono wake.

Neno Moja, Milango Minne

Sasa tufikie mahali ambapo nyumba hupotea. Tutumie jina la Zaidi na la Hindi, kama ilivyo ada ya vitabu.

Zaidi ana mke, mwana mume mmoja, na mabinti wawili, mmoja wao ni Hindi. Hana deni, wala hana mali ila nyumba moja yenye thamani ya shilingi 3,200,000. Hindi ndiye aliyemtumikia babake. Siku moja Zaidi akasema mbele ya watu, "Nyumba hii ni ya Hindi." Kisha akafa. Je, Hindi anapata nini?

Jawabu ni kuwa hatujui, mpaka tujue neno lile liliingia kwa mlango gani. Na milango ni minne.

Mlango wa kwanza ni hiba. Hiba katika lugha ni kipawa. Katika sheria ni kumilikisha mtu mali bila ya badala, katika uhai wa mtoaji. Na haitimii mpaka mpewaji aikabidhi mali ile kwa idhini ya mtoaji. Ikiwa Zaidi alikuwa mzima, akatamka, Hindi akakubali, na nyumba akakabidhiwa, basi nyumba yote ni yake, na wala haiingii katika mirathi. Lakini ikiwa Zaidi alitamka tu, kisha akaendelea kuitawala nyumba na kupokea kodi yake mpaka akafa, kukabidhi hakukuwako. Na ikiwa alitoa akiwa katika maradhi yaliyomuua, hiba ile huhesabiwa kama wasia.

Mlango wa pili ni wasia. Watu wa mitaani huita wasia kila neno la mwisho la mzee, hata mawaidha. Katika sheria, wasia ni kutoa mali kwa sharti la baada ya kufa, na una mipaka miwili. Hauzidi theluthi ya mali, isipokuwa warithi waridhie. Na haupiti kwa mrithi, isipokuwa warithi wenzake waridhie baada ya mauti. Hindi ni mrithi. Basi neno la babake likiwa ni wasia, na ndugu zake wakikataa, halimpi kitu zaidi ya fungu lake.

Mlango wa tatu ni wakfu. Wakfu katika lugha ni kuzuia. Katika sheria ni kuizuia mali yenyewe isiuzwe, isitolewe, wala isirithiwe, na manufaa yake yende mahali pa kheri. Ikiwa Zaidi aliiwakifu nyumba kwa Hindi na kizazi chake, kisha kwa masikini, Hindi atakaa ndani yake maisha yake. Lakini hawezi kuiuza hata akipatwa na shida, wala hawezi kuiweka rahani.

Mlango wa nne ni mirathi, nao ndio hubaki ikiwa ile mitatu haikuthibiti. Hapo mke hupata thumuni, yaani shilingi 400,000. Zinabaki 2,800,000, nazo hugawanywa mafungu manne: mwana mume mafungu mawili, shilingi 1,400,000, na kila binti fungu moja, shilingi 700,000.

Basi tazama, ewe msomaji. Sauti ni ile ile, mashahidi ni wale wale, na nyumba ni ile ile. Lakini kwa mlango mmoja Hindi ana mali ya shilingi 3,200,000, kwa mwingine ana 700,000, na kwa mwingine ana mahali pa kulala asipoweza kupauza. Na ndugu wakigombana, kila mmoja hudhani kuwa mwenziwe ni mwongo, nao wote wamesema kweli juu ya walilolisikia. Lililokosekana ni kumuuliza mzee, alipokuwa hai: "Baba, wakusudia hiba, au wasia, au wakfu?"

Hatusemi haya ili kumhimiza mzazi apendelee mwana mmoja. Habari ya Nuuman bin Bashir ni mashuhuri katika Hadithi: babake alitaka Mtume, rehema na amani zimshukie, awe shahidi wa kipawa alichompa yeye peke yake, na Mtume akakataa alipojua kuwa wana wengine hawakupewa mfano wake. Twasema haya ili mwenye nia ya haki asiiharibu nia yake kwa neno asilolijua.

Na hapa pana neno dogo zaidi, nalo ni "nyumba". Katika mitaa mingi ya Mombasa mtu huweza kumiliki nyumba, na kiwanja kikawa cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Huyo akifa, warithi wake wamerithi kuta na dari pamoja na makubaliano yaliyokuwako na mwenye kiwanja, ardhi hawakuirithi. Wakigawana kana kwamba wana ardhi, au wakimuuzia mtu "nyumba" naye akadhani amenunua na kiwanja, wamefungua mlango wa fitina kwa neno moja la kawaida.

Neno Lililowakosesha Majaji

Asidhani mtu kuwa wasiojua kusoma peke yao ndio hukoseshwa na maneno. Majaji wakubwa walipata kukoseshwa nayo, na watu wetu wakalipa.

Katika mwaka 1894 Baraza la Privy la London, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya rufani ya makoloni, lilihukumu kesi ya Abul Fata iliyotoka Bengal. Ndugu wawili Waislamu walikuwa wamewakifu mali zao kwa kizazi chao, na kizazi kikikatika, kwa masikini. Majaji walisema kuwa wakfu sharti uwe ni kwa kheri, na kheri kwao ilikuwa ni kuwapa masikini na watu baki. Kwa kuwa fungu la masikini lilikuwa mbali mno, wakaona ni jina tu, na wakaubatilisha wakfu. Walilipima neno letu kwa istilahi yao. Katika Uislamu, mtu kuwapa jamaa zake ni sadaka, tena ni sadaka bora. Wala hakuna mwanachuoni aliyesema kuwa kheri haianzi nyumbani kwa mtu.

Waislamu wa Bara Hindi hawakunyamaza. Walilisoma neno, wakalieleza, wakapeleka hoja. Na katika mwaka 1913 ikapitishwa sheria ya kuzisahihisha wakfu za namna hiyo, aliyeipeleka katika Baraza la kutunga sheria akiwa ni Muhammad Ali Jinnah. Lakini sheria ile ilikuwa ya India. Huku kwetu hukumu ya mwaka 1894 iliendelea kufuatwa, na kesi iliyotoka Kenya, ambayo imo katika vitabu vya hukumu vya mwaka 1952, iliamuliwa na Baraza lile lile kwa kipimo kile kile, na wakfu wa jamaa ukabatilishwa. Kenya ilikuwa imetungiwa Sheria ya Makamishna wa Wakfu katika mwaka 1951, iliyotamka kuwa wakfu wa jamaa ni sahihi, madhali umetimiza masharti ya dini na mwisho wake umewekewa masikini au jambo jingine la kheri la kudumu. Hesabu basi: tangu mwaka 1894 mpaka mwaka 1951 ni miaka 57. Muda huo wote tofauti ilikuwa katika maana ya neno kheri.

Msimamizi, Wasii, Walii na Wakili

Maneno haya manne hufanana, na watu huyachanganya.

Walii ni mwenye mamlaka juu ya mtu, kama baba katika kuoza, au mwenye kuangalia mali ya mtoto. Wasii ni aliyechaguliwa na marehemu, kwa wasia, atekeleze aliyoyaacha au awaangalie watoto wake. Wakili katika fiqihi ni kila mtu uliyemweka mahali pako katika jambo unaloweza kulifanya mwenyewe. Katika mahakama za leo ni msomi wa sheria aliyepewa ruhusa ya kusimamia kesi za watu. Na umtiliapo sahihi mtu hati ya uwakala ili akuuzie kiwanja, huyo amekuwa wakili wako kwa maana ile ya fiqihi, na aliyoyafanya ndani ya mipaka ya hati ile yamekufunga. Basi soma mipaka yake. "Auze" si sawa na "auze na apokee pesa".

Ama msimamizi wa mirathi ndiye aletaye machozi mengi. Marehemu akifa, mahakama humwandikia mtu mmoja au zaidi hati ya usimamizi, ili akusanye mali, alipe gharama za maziko na madeni, atekeleze wasia uliosihi, kisha awagawie warithi. Mali ile ni amana mkononi mwake. Lakini mara nyingi jamaa wakiona jina la kaka mkubwa katika hati yenye muhuri, hudhani kuwa mahakama imempa mali. Na yeye mwenyewe, miaka ikipita, huanza kudhani hivyo. Mjane hukaa kimya, na mayatima hukua wakiwa wapangaji katika nyumba yao. Na mwenye kujua ukali wa yaliyoteremshwa katika Suratun-Nisaa juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, ataogopa kusikia neno "msimamizi" likitamkwa kwa maana ya "mwenye mali".

Talaka, Khului na Fasakhi

Mitaani kila ndoa ikivunjika husemwa, "Ameachwa." Katika sheria ziko njia tatu, na kila moja ina hesabu yake. Talaka ni ya mume. Akimwacha mkewe baada ya kuingiliana, mahari yote ni ya mke, na iliyokuwa haijalipwa yampasa mume ailipe. Khului ni mke kujikomboa kwa badala anayompa mume, iwe ni mahari au kitu kingine. Na baada yake mume hana rejea, hata katika eda, isipokuwa kwa nikahi mpya na ridhaa ya mke. Fasakhi ni kadhi kuivunja ndoa kwa sababu iliyothibiti, kama mume kushindwa kumlisha mkewe.

Basi mke ambaye mumewe ameamua mwenyewe kumwacha, kisha akaletewa karatasi iliyoandikwa khului, akaambiwa, "Tia dole hapa, ndiyo talaka yako," huyo ametolewa nje ya ndoa na nje ya mahari yake kwa pamoja. Neno halikufichwa, liliandikwa wazi. Lakini hakuna aliyemfundisha kuwa talaka ni jambo moja na khului ni jingine. Na sisi tuliomsomesha Qur'ani mpaka akahitimu, kisha tusimfundishe maneno matatu haya, tuna la kujibu.

Elimu ya Msingi

Katika maneno ya mafunzo nayo yako yanayotudanganya. "Shahada" kwetu ni kushuhudia, nayo ni nguzo ya kwanza ya Uislamu. Katika chuo kikuu ni daraja ya masomo. "Ijaza" ni ruhusa ya mwalimu kwa mwanafunzi kufundisha alichosoma kwake, na cheti cha serikali ni kitu kingine. Kila kimoja kina mahali pake, na mwenye kimoja asijivunie cha pili.

Lakini neno la kuangaliwa khasa ni "elimu ya msingi". Watu hufahamu kuwa ni shule ya msingi, basi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yalitumia neno hili kwa maana ya kukusanya masomo ya awali, ya shule ya msingi na ya sekondari. Kwa hivyo baba anayemtoa bintiye shule akimaliza ya msingi, akasema, "Nimetimiza, sheria yataka elimu ya msingi," hakutimiza. Amesimama katika maana ya lugha, na sheria inamsubiri katika istilahi. Na kabla ya sheria ya nchi, ilimu ni faradhi juu ya Mwislamu, awe mume au mke.

Sahihi

Tumalizie kwa neno linaloandikwa chini ya hati zote. Sahihi katika lugha ni jambo lililo sawa, lisilo na ila. Katika ilimu ya Hadithi ni habari iliyothibiti kwa masharti yake. Na katika karatasi ni jina lako uliloliandika kwa mkono wako. Tazama jinsi maana hizi zinavyokutana: unapotia sahihi umesema kuwa yaliyoandikwa juu yake ni sahihi. Dole gumba nalo lasema vivyo hivyo. Na ikiwa karatasi ni hati ya kiapo, umeyasema ukiwa umeapa. Uwongo ndani yake ni kosa mbele ya mahakama, na mbele ya Mwenyezi Mungu ni kosa kubwa zaidi.

Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imekuja kufundisha kuandika deni. Na katika mafundisho yake mna jambo ambalo wengi hulipita. Mwandishi ndiye mwenye kalamu, lakini maneno hayatoki kwake, wala hayatoki kwa tajiri mwenye kudai. Aliyeamrishwa kuyatamka maneno ya hati ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa mwenyewe. Akiwa ni dhaifu, au hawezi kutamka, walii wake ayatamke kwa uadilifu. Hekima yake iko wazi: neno litakalomfunga mtu na litoke katika kinywa chake, ili asiweze kufungwa na neno asilolifahamu.

Leo hati huandikwa na wengine, tena tayari zimepigwa chapa. Lakini hekima ile twaweza kuihifadhi kwa mambo manne mepesi. La kwanza, usitie sahihi wala dole katika hati usiyosomewa kwa lugha unayoifahamu. La pili, kila neno kubwa ndani yake uliulize: hapa maana yake ni nini? Wala usione haya. Aibu ya kuuliza ni ya saa moja. La tatu, ukisha kusomewa, mwambie mwandishi akunyamazie, umweleze wewe kwa maneno yako mwenyewe: natoa nini, napata nini, tangu lini, na nikibadili nia itakuwaje. Ukishindwa kueleza, hujafahamu, basi ngoja. La nne, chukua nakala uihifadhi.

Na kwa walimu wa madrasa tuna ombi. Katika madarasa ya juu, siku moja kwa juma, wanafunzi wafundishwe maneno haya kwa kaida ile ile wanayoijua: katika lugha, na katika istilahi. Wasichana wasiachwe nyuma, kwani wao ndio wajane na mama wa mayatima wa kesho. Na mwanafunzi akirudi nyumbani, amuulize babu yake kwa adabu: "Nyumba hii, babu, wakusudia hiba, au wasia, au wakfu?" Swali hilo likiulizwa mapema, huenda likaokoa udugu wa watu ambao hawajazaliwa.

Mwenyezi Mungu atuwafikie katika kujua, na katika kuyatenda tunayoyajua. Amin.